Msimamizi wa Bwawa Asiyejua Kuogelea

Jumatatu, 2 Desemba

Shule zimefungwa. Watoto wangu wawili wameondoka asubuhi kwenda kwa bibi yao. Nyumba kimya. Nami nimepata cheo!

Ilikuwa hivi. Mimi ni karani wa masjala katika ofisi ya mji, mwaka wa kumi na moja huu. Chumba hakina dirisha. Feni inazunguka kwa kujilazimisha. Mafaili yanatoa vumbi hata usipoyagusa. Saa nne Bosi akatuita wote. Akasema likizo iliyopita watu wawili waliponea chupuchupu kuzama kwenye bwawa la machimbo, lile shimo kubwa walikochimba mawe ya barabara, kisha likajaa maji. Safari hii mji unataka Msimamizi wa Usalama wa Bwawa kwa likizo nzima. Akaonyesha vifaa: filimbi, fulana ya njano, kiti cha kukunja, na mwavuli mkubwa kama paa la kibanda. Akauliza nani anajua kuogelea.

Kila mtu akatazama viatu vyake.

Nikautazama ule mwavuli. Mkono ukanyanyuka wenyewe.

Bosi akauliza kama najua vizuri. Nikamjibu kwamba nimekulia majini. Si uongo. Bomba la nyuma ya nyumba yetu lilipasuka nikiwa na miaka minne na halikuzibwa mpaka nilipoolewa.

Nimemwambia mume wangu. Yeye ni fundi cherehani, anafanyia kazi barazani. Akasimamisha cherehani, akavua miwani.

"Mama watoto, wewe hata beseni likijaa unaita mtu."

Nikamweleza kazi yenyewe iko ukingoni, chini ya mwavuli. Akauliza je, mtu akizama? Nikamwambia hilo tutalizungumza akishazama. Akavaa miwani. Hakushona tena kwa muda mrefu.

Jumanne, 3 Desemba

Nimekabidhiwa vifaa. Pamoja na vile vya jana kuna boya, lile duara jeupe la kumtupia mtu, lina kamba yake pembeni. Kuna bendera mbili, nyekundu na kijani. Kuna na Mwongozo wenye kurasa kumi na mbili.

Kurasa za nne na tano zimegandana kwa gundi. Nimejaribu kuzibandua kwa kisu, zikaanza kuchanika. Nimeziacha. Kurasa mbili tu! Masjala ninayo mafaili yaliyogandana yote na mji bado unaendelea.

Tatizo dogo: maelezo ya bendera hayamo katika kurasa zilizobaki. Nimefikiri mwenyewe. Kijani ni rangi ya ukoga. Ukoga unateleza. Kwa hiyo kijani ni hatari. Nyekundu ni rangi ya zulia wanalotandikiwa wageni wakubwa. Kwa hiyo nyekundu ni karibuni. Nimeridhika sana. Watu wengine wangehitaji kusoma.

Jumatano, 4 Desemba

Siku ya kwanza kazini. Saa mbili kamili nimepandisha bendera nyekundu. Nikakaa.

Ajabu! Watu wamekuja wengi, na mikeka, na vyakula, na watoto wamevaa kaptura za kuogelea. Hakuna hata mmoja aliyeingia majini. Wamejipanga ukingoni wakinitazama. Nikafikiri ni heshima. Nikawapungia mkono. Nao wakanipungia.

Saa tano baba mmoja mwenye watoto wanne akaja kuuliza wataruhusiwa lini. Nikamwambia wakati wowote, bendera si hiyo hapo juu? Akaitazama bendera. Akanitazama mimi. Akakusanya watoto wake akaenda zake. Sikumwelewa kabisa.

Hadi saa nane hakuna aliyezama, hakuna hata aliyelowa. Nikaanza kutunga taarifa ya mafanikio kichwani.

Ndipo akatokea Wifi.

Lazima nieleze kuhusu Wifi. Ni dada wa mume wangu, mdogo wake wa pekee. Mwalimu wa michezo. Mabega kama kabati. Tangu wiki ya harusi yangu amekuwa akinirekebisha: jinsi ya kumbeba mtoto, jinsi ya kukunja shuka, jinsi ya kupanda ngazi bila kuumiza magoti. Na daima yuko sahihi, jambo ambalo mtu mwenye adabu angelificha.

Amekuja na wanafunzi wake kumi na wawili kuwafundisha kuogelea. Akauliza kuna hatari gani leo. Nikamwambia hakuna. Akauliza mbona nyekundu. Nikamweleza kuhusu zulia. Kisha akateremsha bendera yeye mwenyewe, akapandisha ya kijani, na watu wote wakaingia majini kwa kelele kama mbuzi waliofunguliwa.

Akasema, kwa sauti ya chini, "Wifi, wewe kuogelea unajua lakini?"

Nikamwambia najua sana, ila daktari amenikataza kwa sababu ya sikio.

Akauliza sikio lipi. Nikajibu yote mawili.

Alhamisi, 5 Desemba

Barua! Imeletwa bwawani na dada wa mapokezi. Bosi anaandika kwamba, kufuatia ushauri wa mwalimu mmoja wa michezo, Jumatatu saa tatu Msimamizi atafanya "zoezi dogo la vitendo majini". Nimeisoma mara nne. Nikatafuta kama "majini" ina maana nyingine. Haina.

Nimefikiri mpaka kichwa kikauma. Kuugua? Wifi atakuja kuniuguza. Kuacha kazi? Na mwavuli je?

Kisha likanijia. Hakuna anayempa mtihani mtu aliyekwisha kuokoa maisha! Nikimwokoa mtu kabla ya Jumatatu, zoezi linafutwa. Kinachohitajika ni mtu wa kuokolewa. Mgeni hafai, anaweza kukataa. Anatakiwa mtu ninayemwamini.

Mume wangu amekataa. Kisha amekataa tena. Amesema mara ya mwisho kuogelea alikuwa na miaka ishirini na mbili, na tumbo hili lilikuwa halijazaliwa. Nikamwonyesha barua. Nikanyamaza. Miaka kumi na minne ya ndoa, najua ukimya upi unafanya kazi.

Akauliza maji ni ya baridi? Nikamwambia ni kama chai.

Makubaliano: Jumamosi saa nne ataingia majini mpaka kifuani. Hatapita hapo. Atapiga kelele "Nakufa!" mara tatu. Nitatupa boya. Nitamvuta. Watu watashangilia.

Ijumaa, 6 Desemba

Mazoezi sebuleni. Mume wangu amelala mkekani, mimi nimesimama juu ya kochi na boya. Mara ya kwanza boya limeangusha picha ya harusi. Mara ya pili limempiga puani. Nikaona inatosha, mkono umeshazoea.

Shida ni sauti yake. Anasema "nakufa" kama mtu anayeomba kuazimwa sindano. Nikamwambia apige kelele za kweli. Akajikusanya akapiga. Jirani akaja mbio na mwiko mkononi. Tumemwambia ni tumbo. Ameahidi kumwombea.

Nimefungua kamba ya boya, ilikuwa inanasa kwenye miguu ya kochi. Kila kitu tayari.

Jumamosi, 7 Desemba

Nitaandika kama ilivyotokea, maana mimi mwenyewe bado sijaelewa.

Saa nne. Bendera ya kijani. Watu wengi. Wifi upande wa pili na wanafunzi wake. Mume wangu akaja amevaa shati, anaona haya ya tumbo. Tulijifanya hatujuani. Akanisalimia "shikamoo" kwa kuchanganyikiwa. Nikaitikia.

Akaingia. Magotini. Kiunoni. Kifuani. Akageuka kunitazama, nikamfanyia ishara ya kichwa: anza.

Akasogea nyuma hatua moja.

Nikaona kichwa kimeshuka, kikapanda. Akawa ameinua uso juu kama mtu anayetafuta ndege angani. Mdomo wazi, maji yanaufikia. Mikono inabonyeza maji pembeni, juu chini, juu chini, kama anavyobonyeza kitambaa mezani kabla ya kukikata. Hakusema neno.

Nikasubiri "nakufa" ya kwanza. Haikuja. Nikakasirika! Mazoezi ya jioni nzima, na amesahau neno moja! Nikampungia mkono: piga kelele! Akanitazama tu. Nikampulizia filimbi. Nikapuliza tena kwa nguvu. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu akauliza kuna nini, nikamwambia kuna mtu pale anachezea muda wa watu.

Upande wa pili Wifi akasimama. Naye hakupiga kelele. Mbona leo hakuna anayepiga kelele? Aliwaamuru wanafunzi wake watoke majini wote, akachukua dumu tupu lililofungwa kamba, akakimbia kuzunguka ukingo. Sijawahi kumwona mtu mzima akikimbia vile. Alipofika mkabala na kaka yake akalala kifudifudi juu ya mawe, akatupa dumu.

"Kaka! Dumu hilo! Lishike! Usihangaike, lala chali!"

Hakulishika. Alikuwa halioni. Kichwa kikashuka, na mara hii hakikupanda haraka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwili ulielewa kabla ya kichwa. Nikatupa boya. Lilikwenda vizuri kabisa, mbali, likatua karibu naye kidogo, kisha likaanza kuelea taratibu kwenda katikati ya bwawa. Kamba ilikuwa sebuleni kwangu.

Nikaingia majini. Juu yalikuwa ya moto. Chini ya magoti yalikuwa baridi inayouma mfupa. Kiunoni. Niliendelea kwenda. Wifi akapiga ukelele mwingine, na huu ulikuwa wangu mimi: "Wifi, rudi! Mtakuwa wawili!"

Nikasimama. Mume wangu alikuwa hatua kumi mbele yangu, na mimi nimesimama. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Wanasema haikufika hata moja.

Wifi alivuta dumu, akatupa tena. Safari hii lilimgonga kifuani. Akalikumbatia. Wakamvuta, Wifi na mama yule aliyekuwa karibu yangu na wanaume wawili. Alitoka rangi ya majivu. Akatapika maji mengi.

Kituo cha afya wakamlaza mpaka jioni. Muuguzi akasema mtu aliyekunywa maji hivi haachwi aende nyumbani mara moja hata akisema ni mzima, mapafu yanaweza kuleta shida baadaye. Nikakaa kwenye benchi na fulana yangu ya njano. Na sasa kitu cha ajabu: watu wakaanza kuja kunipongeza! Wanasema niliona kabla ya wote. Wanasema ilikuwa ile filimbi yangu iliyomfanya mwalimu atazame. Mzee mmoja akanishika mkono kwa mikono miwili. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilisema asante, ambayo sijui iko upande gani.

Nikaingia kumwona. Alikuwa amefunikwa mablanketi mawili.

Akasema, "Mama watoto, nilitaka kupiga kelele. Pumzi haikuwepo. Kule nyuma chini palikwisha ghafla, kama nimekanyaga ngazi isiyokuwepo."

Nikamwambia nilidhani amesahau neno. Ndiyo maana nilikuwa nampungia mkono.

Akavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Mimi nilidhani unaniaga."

Jumapili, 8 Desemba

Amelala. Anakohoa. Nimemhesabia pumzi asubuhi nzima kwa sababu sikujua cha kufanya kingine.

Wifi amekuja na machungwa. Akakaa kitandani kwa kaka yake, wakanong'ona. Kisha akanifuata jikoni, akafunga mlango. Nikajiandaa kupigwa. Mabega yale!

Hakunipiga. Alizungumza polepole, kama anafundisha. Akasema mtu anayezama hapigi kelele na hapungi mkono, hana pumzi ya kelele wala nafasi ya mkono, husimama wima ndani ya maji na kwenda kimya. Akasema mashimo ya machimbo yana kingo zinazokatika ghafla, na joto la juu linadanganya. Akasema asiyejua kuogelea hamfuati anayezama, anatupa kitu kinachoelea, na kamba iwe imefungwa! Nikauliza kwa nini hakuna aliyeniambia mambo haya mapema. Akauliza kama nilisoma ukurasa wa tano.

Nikatazama kisu kwenye rafu, kile kile nilichojaribu kubandulia kurasa.

Akasema kaka yake amemwambia kila kitu, hata mkekani na puani. Nikasubiri aseme anakwenda kwa Bosi. Akasema, "Siendi kwa mtu yeyote. Kesho utakwenda mwenyewe umwambie hujui. Na Jumamosi uje kwangu, nikufundishe."

Nikaanza kulia. Yeye akaanza kumenya chungwa. Kisha naye akawa analia, na tukala chungwa lile lote. Sielewi. Sijawahi hata kumpenda.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimekwenda kwa Bosi saa mbili na nusu na maneno yangu tayari. Kabla sijafungua mdomo amenipa barua. Barua ya pongezi! Yenye mhuri! "Kwa umakini wa hali ya juu." Akasema zoezi la vitendo limefutwa, hakuna haja tena.

Kumbe mpango umefaulu! Nilisimama pale sijui nicheke au nikimbie. Kila nilichotaka Alhamisi kilikuwa mkononi mwangu, nami nikakiweka mezani kwake.

Nikamwambia sijui kuogelea. Akacheka, akasema anapenda watumishi wanyenyekevu. Nikamwambia tena. Akacheka zaidi. Mara ya tatu nilimwambia kuhusu bomba la nyuma ya nyumba. Hapo akaacha kucheka. Akaomba filimbi. Nikampa. Akaomba na mwavuli.

Wifi ndiye Msimamizi kuanzia leo. Mimi nimerudi masjala. Kazi yangu ya kwanza: kutunza kwenye faili barua yangu ya pongezi, pamoja na barua ya kuifuta. Nimezunguka na barua hizo chumba kizima nisijue pa kuziweka. Nimeziweka kwenye "Mengineyo".

Jumatano, 11 Desemba

Mume wangu ameanza kushona tena. Kikohozi kimepungua. Hanilaumu. Nimemwambia anilaumu kidogo tu, nijue tumesimama wapi. Akasema mashine inahitaji mafuta. Nimekwenda kununua mafuta.

Niliporudi akaniomba nimshikie upande mmoja wa kitambaa anachokata. Nikashika. Mikono yake ikaanza kubonyeza kitambaa mezani, juu chini, juu chini, na mimi nikaachia kitambaa nikatoka nje. Akanifuata. Tukasimama barazani, kila mtu anatazama barabara. Akasema anajua. Nikasema najua anajua. Akarudi kukata, na kitambaa kilikuwa kimekwenda upande.

Jumamosi, 14 Desemba

Somo la kwanza! Wifi amenipeleka sehemu ya kina kifupi, waliyoizungushia kamba na maboya madogo. Maji kiunoni. Nilipiga kelele mara mbili. Hakuja. Akasema anayepiga kelele anapumua.

Nimetumbukiza uso majini mara tatu. Nimetoa mapovu. Kisha nikalala chali, mkono wake chini ya mgongo wangu, na nikaelea! Akahesabu mpaka nne. Wifi anasema mkono ulikuwepo muda wote. Mimi nina hakika kwamba kwenye tatu na nne haukuwepo. Mtu anaujua mgongo wake mwenyewe.

Kwa hiyo sasa naogelea.

Na bahati ilivyo! Jana kwenye ubao wa matangazo wa ofisi: mji umepata mashua ndogo ya doria ya bwawa, na kuanzia Januari anatafutwa Nahodha. Mashua ina kivuli chake. Na kiti kina mto.

Nimeandika maombi. Kwenye uzoefu nimeweka ukweli mtupu: "Nimeshiriki katika uokoaji wa mtu mzima mmoja." Kwenye mdhamini nimemweka Wifi. Nitamweleza wakati ukifika. Waombaji wataulizwa kama wamewahi kukabili dharura wakiwa ndani ya mashua. Hilo sina bado. Nimelifikiria wakati wa chakula cha mchana, na kufikia kuosha vyombo nilikuwa nimeshalipatia dawa.

Mume wangu amekuja nyuma yangu akauliza naandika nini. Nikamweleza. Akakaa chini. Akavua miwani. Akasema yeye haingii majini tena maisha yake yote, hata kwa barua ya mahakama.

Nimemwambia atulie, hakuna anayemtaka aingie majini. Yeye atakaa ndani ya mashua tu. Itakayopinduka ni mashua.